Barua ya wazi kwa watengenezaji wa tamthilia zetu: hata uongo una utaratibu wake

Kibirizi,
Kigoma.

Kwa:
Wazalishaji, waongozaji na waandishi wa tamthilia za Kiswahili,
na wakuu wa vipindi wa vituo vinavyozirusha.

Waheshimiwa,

YAH: TAMTHILIA ZISIZOINGIA AKILINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mwenye kibanda umiza hapa Kibirizi, jirani na mwalo, wavuvi wanakoshushia samaki. Nina mabenchi, pazia zito mlangoni, luninga moja kubwa na kisimbuzi ninachokilipia kila mwezi. Jumamosi na Jumapili ni mpira, siku nyingine usiku ni tamthilia. Watazamaji wangu ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mafundi mitumbwi, bodaboda, mama lishe wakishafunga biashara, karani mmoja wa mahakama, na mwalimu mstaafu ambaye benchi la mbele ni lake hata asipokuja. Nisomeni basi kama mtu anayeuza kazi yenu kila siku. Mimi si adui wa sanaa.

Sikukurupuka kuandika hadharani. Nilituma ujumbe kwenye namba inayopita chini ya kioo kipindi kikiisha. Tiki zikageuka buluu, kimya. Nikaandika barua, nikaipeleka posta. Baadaye nikapiga simu, na kijana mmoja akanisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akasema, “Mama, ile ni muvi tu, siyo taarifa ya habari.” Simlaumu yule kijana, yeye ni mpokea simu. Ila kama hilo ndilo jibu la ofisi nzima, basi tuna mazungumzo.

Najua hadithi ni uongo. Bibi alipokuwa akianza, sisi wenyewe tuliitikia kwa sauti: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tuliualika uongo, tukaukalisha kwenye mkeka. Sungura akasema na fisi, na hakuna mtoto aliyeuliza sungura alijifunzia wapi kusema. Lakini bibi akisema fisi ametumbukia kisimani, halafu punde fisi huyo yuko harusini amekauka, mtoto wa miaka mitano anauliza: bibi, alitokaje? Na bibi alikuwa na jibu. Asipokuwa nalo, alilitunga palepale, akaturudisha nyuma kidogo, akatupa kamba aliyoishika fisi. Tangu hapo kamba ile ikawa sehemu ya hadithi hadi mwisho.

Ninachodai ni hiyo kamba. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Jua kuchomoza ziwani

Tamthilia yenu ya msimu uliopita ilitangazwa kwa mbwembwe kwamba inatokea Kigoma. Kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni, kwa sababu si kila siku mtu anaona kwao kwenye luninga. Sehemu ya kwanza ikaanza, maandishi makubwa: KIGOMA, ALFAJIRI. Na jua jekundu likapanda taratibu kutoka majini.

Waheshimiwa, Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu. Asubuhi jua linatoka upande wa bara, nyuma ya vilima, na jioni linazama ng'ambo, kwenye milima ya Kongo. Mkazi wa Kigoma akiona jua linapanda kutoka ziwani ataanza kusoma dua.

Tukatazama vizuri. Nyuma ya steringi, yaani mhusika mkuu, kulikuwa na minazi. Hapa mti wetu ni mchikichi, ndio unaotupa mawese, na haufanani na mnazi hata kwa mtu aliyesahau miwani. Pembeni likapita jahazi na tanga lake. Halafu maji yalikuwa yamekupwa, ngalawa zimelala kwenye matope zikisubiri maji yajae. Ziwa Tanganyika halipwi wala halijai kwa saa kama bahari. Mvuvi wenu akarudi pwani akiwa ameinua samaki kwa furaha, na samaki mwenyewe alikuwa kolekole. Sisi tuna mgebuka, tuna kuhe, tuna sangara, tuna dagaa. Huyo kolekole alikuja Kigoma kwa njia gani, labda kwa barafu.

Kwamba mlipiga picha pwani ya Bahari ya Hindi si kosa. Watu wanapiga picha wanakoweza. Kosa ni kudhani kwamba maji ni maji, na kwamba anayeishi kando ya maji hayo hatakuwa mbele ya luninga siku hiyo.

2. Dagaa kwa ndoano

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie.

Dagaa wa Kigoma anavuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanatoka jioni na vipe vyao, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola na betri, wanasubiri dagaa wakusanyike kwenye mwanga, ndipo wavu unapandishwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haina kazi, dagaa wametawanyika. Ndiyo maana siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanasuluhisha ugomvi wa mgao, na usiku wanakuja kwangu. Hizo ndizo siku ninazofanya biashara.

Sasa, usiku wa mbalamwezi, kibanda kimefurika wavuvi ambao hawakwenda ziwani kwa sababu ya mwezi, mkatuwekea steringi wenu, ambaye kwa maneno ya tamthilia yenyewe ni “mvuvi hodari kuliko wote mwambao mzima”, akivua dagaa chini ya mwezi mpevu. Peke yake. Kwenye kamtumbwi kadogo. Kwa ndoano.

Kukawa kimya kwanza. Kisha mzee mmoja, fundi wa kuziba mitumbwi, akauliza kwa sauti, “Huyu anamvua mmoja mmoja?” Kijana wa nyuma akamjibu, “Anawaandikisha majina kwanza, babu.” Basi. Kibanda kilianguka. Watu walipigana makofi ya mgongo, kuna aliyetoka nje kabisa.

Na katika kelele zile, mwigizaji wenu alikuwa anapokea habari kwamba baba yake ameuawa. Niliiona sura yake kwenye kioo. Alilia vizuri, kilio cha kweli, midomo inatetemeka, kamasi na yote. Ni mwigizaji mwenye kipaji kikubwa. Hakuna mtu hata mmoja kibandani aliyelia naye, kwa sababu kila mmoja alikuwa bado yuko kwenye ndoano. Kijana wa watu alifanya kazi yake, na mwandishi aliyeona uvivu wa kumuuliza mvuvi swali moja akaifuta yote. Kama mnatafuta sababu ya mimi kukasirika badala ya kucheka, ni hiyo.

3. Treni ya miujiza

Msichana wenu alipanda treni Dar es Salaam jioni akiwa amekimbia ndoa. Asubuhi alishuka Kigoma, gauni limenyooka, nywele zimesimama kama zimetoka saluni. Reli ya Kati hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Ni safari ya kulala njiani usiku mbili, na treni ikichelewa unaongeza. Msije mkaniambia alipanda treni ya mwendokasi: hiyo ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na kipande cha Tabora hadi Kigoma bado kinajengwa.

Linalonisikitisha hapa ni hasara mliyojitia wenyewe. Treni ile inafika Tabora, mabehewa ya Mwanza yanakatwa, watu wanashuka kununua asali, wanaagana na wenzao waliozoeana nao tangu Morogoro. Baada ya hapo Urambo, Kaliua, Uvinza. Bibi harusi aliyetoroka, amekaa behewa moja na watu wasiomjua kwa siku mbili, mmoja wao ndugu wa mume, na hakuna pa kushukia. Mlikuwa na sehemu nne za bure humo ndani. Mkazikata, mkatuonyesha badala yake dakika nzima ya gari la kifahari likiingia getini.

4. DNA ya mchana na nyundo ya hakimu

Kila tamthilia siku hizi ina mtoto asiyejulikana baba yake. Sawa, hata mitaani wapo. Lakini daktari wenu anachukua unywele asubuhi zahanatini, na kabla ya chakula cha mchana anatoka na bahasha. Kwa sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, vipimo hivyo viko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi linapitia kwa wanaotambuliwa na sheria: mahakama, polisi, ustawi wa jamii, wakili. Yaani ili baba apime mtoto lazima akakae mbele ya mtu mwingine mwenye meza na faili, aeleze kwa mdomo wake kwamba anamshuku mkewe. Hebu niambieni, waandishi, kuna tukio zito kuliko hilo? Mume anamweleza ofisa ustawi wa jamii, ofisa anamwita mke, mke anafika na mtoto mgongoni. Ninyi mkachagua bahasha.

Mahakamani ndiko karani wangu anakoteseka. Mshtakiwa wenu wa mauaji alifikishwa mahakama ya mwanzo, akapewa dhamana jioni, akahukumiwa wiki ileile, na hakimu akagonga nyundo. Karani anasema katika miaka yake yote ya kazi hiyo nyundo hajawahi kuiona. Kesi ya mauaji haina dhamana, na anayeisikiliza ni Mahakama Kuu, ambayo ipo hapahapa Kigoma, mlango wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kukaa nyuma na kutazama.

Mirathi pia. Mzee akifa, wakili anakuja na mkoba, familia nzima inakaa kwenye makochi, wosia unasomwa. Sisemi wosia haupo. Nasema kwetu wengi kuna kikao cha ukoo. Kuna shangazi aliyesafiri kutoka Kasulu hajala, kuna mdogo wa marehemu anayetaka awe msimamizi, kuna mama wa nje ambaye hakuna anayejua aketi wapi, na kuna anayeandika muhtasari ambao utapelekwa mahakamani na kila mtu anataka jina lake liandikwe juu. Aliyewaambia kikao cha ukoo hakina tamthilia hajawahi kufiwa.

5. Wafu wanaobisha hodi

Msimu huohuo mama mkwe alikufa. Tulimwona kwenye sanda, tuliona mchanga ukiingia. Baada ya wiki kadhaa anabisha hodi, na anapoulizwa anasema, “Ni hadithi ndefu.” Hadithi hiyo ndefu hamjaisimulia mpaka leo.

Sikatai mfu kurudi. Hapa Kigoma tunaye mmoja. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli na kuungwa upya hapa. Mwaka 1915 ikaingia majini kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha kwa mikono yao wenyewe isije ikachukuliwa na adui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, Liemba. Msimulie hayo mgeni asiyejua, atakuambia umekunywa. Lakini kuna jambo moja dogo: kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakitumaini siku moja itatolewa. Mgeni akisikia hiyo grisi anaacha kubisha. Anakubali yote, hata yale aliyoyatilia shaka mwanzo.

Mama mkwe wenu hakupakwa grisi. Mngetuonyesha hata daktari mmoja aliyesita kusaini cheti, hata muuguzi aliyegeuza uso, tungerudi wenyewe nyuma na kusema, ahaa. Mtazamaji anapenda mno kusema ahaa. Mnamnyima raha ambayo haiwagharimu chochote.

6. Wasikilizaji wa mlangoni

Kwa kifupi: haiwezekani kila siri katika nyumba yenye vyumba sita isemwe kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi, anayehusika akiwa amesimama nje na sinia la juisi. Mara moja, sawa. Mara ya nne watu wangu wanaanza kumhesabia hatua: “Anakuja, anakuja, huyo!”

7. Kila mganga anatoka Kigoma

Mkitaka ofisi mnaandika Dar es Salaam, mkitaka uchawi mnaandika Kigoma. Watoto wetu wanaosoma mbali wanaulizwa na wenzao kama nyumbani wanasafiri kwa ungo. Hilo peke yake ni jambo la kuandikia barua nyingine, na huenda nitaiandika.

Hapa nabaki kwenye usimuliaji. Uchawi wa tamthilia zenu hauna masharti. Mganga wenu anaweza yote, wakati wowote, mpaka pale mwandishi anapotaka ashindwe, ndipo anashindwa bila sababu. Katika ngano zote nilizosimuliwa, dawa ina masharti: usigeuke nyuma, usile chumvi, usimwambie mtu. Na hadithi nzima inakaa hapo, kwenye sharti, kwa sababu tunajua mtu huyu ana mdomo mwepesi na atasema tu. Ninyi mganga ni kiraka. Mahali mlipotoboa hadithi, mnambandika.

Na katika hili naomba niwe mkali kidogo. Mlituonyesha mkimbizi kutoka Kongo aliyevuka ziwa kwa kuogelea, kwa msaada wa hirizi, akatoka majini asubuhi na begi lake. Ziwa hili upana wake kwa wastani ni kilomita 50. Mkoa huu una kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, na wapo watu waliovuka maji haya kwa boti zilizojaa kupita kiasi, usiku, na watoto. Baadhi yao wanakaa kwenye mabenchi yangu. Sehemu ile haikuchekwa na mtu. Mama mmoja alinyanyuka, akafunga kanga yake, akaondoka, na hakuna aliyemuuliza.

Najua mtakachosema, mengine nimeshaambiwa.

Mtasema bajeti ni ndogo. Naamini. Lakini jua kuzama upande wake halina gharama. Kumpigia mvuvi simu ni dakika tano za muda wa maongezi. Na ile helikopta ya sehemu ya mwisho mliikodi kwa shilingi ngapi?

Mtasema mbona hawa hawa watazamaji wanashangilia filamu za Kihindi, mtu akipiga ngumi adui anapaa juu ya paa. Ni kweli wanashangilia, na mimi nashangilia nao. Tumekua na filamu hizo zikitafsiriwa na Lufufu, na yeye mwenyewe alikuwa akiongeza chumvi yake humohumo. Lakini filamu ile inakuambia tangu dakika ya kwanza kwamba katika nchi hii ngumi ina nguvu hiyo. Ikishakuambia haibadiliki. Hutaona mtu aliyepiga watu kumi na watano halafu anashindwa kufungua mlango uliorudishwa kwa ndoo ili tu hadithi isogee. Wenu nimemwona.

Mtasema watazamaji wanaongezeka, takwimu zenu zinaonyesha. Kibanda changu nacho kinajaa. Ila nimewaambia wanakuja kufanya nini. Siku hizi kuna vijana wanaoweka dau la soda: nani atafufuka, nani atasikiliza mlangoni. Mnachokihesabu ni macho yaliyo mbele ya kioo, na macho hayo yanawakejeli.

Mtasema muda hautoshi, kituo kinataka sehemu mpya kila siku, mwandishi anaandika usiku na asubuhi kamera ziko tayari. Hili nalielewa kuliko mengine yote, na hapa lawama nyingi ni za wakuu wa vipindi kuliko za waandishi. Hadithi ya sehemu kumi na tatu mnaivuta hadi sehemu mia. Ugonjwa huu hatukuuanza leo. Tangu enzi za kanda na diski tulikuwa tunauziwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili za filamu ambayo ingeisha kwa saa moja na nusu, nusu yake watu wanatembea tu kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Mwandishi aliyeishiwa hadithi sehemu ya ishirini atafanya nini? Atafufua mtu.

Na kuna watakaosema mama huyu anataka filamu za nje. Aprili 2017, baadhi ya wasanii walipoandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela, wapo tuliokuwa huku mwisho wa reli tukiwaelewa kabisa. Ninachotaka ni steringi anayesema Kiswahili changu, anayekula ugali na mgebuka, na ambaye wavuvi wangu wakimtazama wanasema, huyu ni wa hapa.

Ninachoomba, basi, ni haya:

(a) Mswada wowote unaotokea mahali fulani usomwe na mtu wa mahali hapo kabla kamera haijawashwa, na alipwe. Si lazima awe msomi. Kwa ziwa, mvuvi mmoja na mchuuzi mmoja wa dagaa wanatosha.

(b) Penye mahakama, hospitali, polisi au mirathi, ulizeni anayefanya kazi hiyo. Mtapata na visa vya ziada ambavyo hamkuviwaza.

(c) Awepo mtu katika kila tamthilia ambaye kazi yake ni daftari tu: nani amekufa, nani ana kovu mkono gani, nani ameshaambiwa siri ipi. Sisi huku tunakumbuka vyote kwa kichwa, na hatulipwi.

(d) Mwandishi ajue mwisho wa hadithi kabla ya sehemu ya kwanza kurushwa, na kituo kisimwongezee sehemu katikati kwa sababu matangazo yamekuwa mengi.

(e) Majibu yenu yawe ya wazi, kama barua hii ilivyo ya wazi.

Kama mnakosa visa, njooni. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi zinazopakana nalo, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu, mwalo wa watu wanaojua kazi moja tu. Kuna waliokwenda kulima kwa mara ya kwanza, wakaharibu mikono. Kuna waliouza injini ya boti kwa bei ya kutupa, na ziwa lilipofunguliwa wakawa vibarua kwenye boti zilizokuwa na injini zao. Kuna ndoa zilizopona kwa sababu mume alilala nyumbani, na kuna zilizovunjika kwa sababu hiyohiyo. Mimi nilikuwa natazamisha kwa mkopo, na daftari la madeni ya kipindi kile bado ninalo. Hakuna mganga hata mmoja ndani yake, hakuna pacha aliyepotea hospitalini. Atakayekuja kwa heshima nitamkalisha na wenye visa hivyo, wamsimulie wenyewe.

Nimesikia msimu mpya wa tamthilia ileile uko njiani, na kwamba safari hii steringi atakuwa nahodha wa meli. Nitautazama mimi kwanza, peke yangu, mchana, pazia likiwa limeshushwa. Yakiwa ni yaleyale, saa ile ya tamthilia nitaweka marudio ya mpira, na nitabandika mlangoni sababu.

Wenu katika kazi,

Mama mwenye kibanda,
Kibirizi, Kigoma.

Nakala:
Bodi ya Filamu Tanzania
Waigizaji wote, hasa yule aliyelia vizuri
Ubao wa matangazo, mwalo wa Kibirizi